Ameshaona muvi, kitabu cha nini tena?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapa Tanga. Mkubwa ana miaka 12, yuko darasa la sita. Anapenda mno muvi za mambo ya ajabu: dunia za miaka ijayo, watoto wanaosomea uchawi, watu wenye uwezo usio wa kawaida. Mjomba wake kamletea vitabu vitatu vya Kiingereza vya muvi zilezile anazozipenda: The Giver, The Hunger Games na Harry Potter cha kwanza. Hajavigusa. Nikimuuliza ananijibu, "Mama, nimeshaiona, najua mwisho wake." Je, nimlazimishe? Na huyu mdogo wa miaka tisa, nianze naye na kitabu au na muvi? Halafu bibi yao anasema hadithi za uchawi zitawaharibia dini. Naomba ushauri wako.

Jibu: Marahaba mama, na mjomba mtu mpe salamu zangu. Vitabu vitatu alivyochagua vimenirahisishia kazi, maana kila kimoja kina ugomvi wake na filamu yake.

Nianze na hoja ya kijana, na naiita hoja kwa sababu si uvivu. Anasema anajua mwisho. Sasa muulize ameiangalia muvi hiyohiyo mara ngapi. Watoto wa rika lake huirudia mpaka wanakariri maneno ya steringi, wala hakuna anayelalamika kwamba mwisho unajulikana. Mpira wa jana wanautazama tena leo na matokeo wanayo. Kwa hiyo kujua mwisho hakujawahi kumzuia mtoto chochote. Kinachomzuia nadhani ni vitu viwili. Kimoja ni Kiingereza, nitakirudia baadaye. Cha pili ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa ndani ya kitabu kuna kitu ambacho kwenye muvi hakimo kabisa. Yeye anaona ni bidhaa moja katika vifungashio viwili, na kwa nini ale chakula kilekile mara mbili, tena mara ya pili kwa kijiko kidogo?

Tuelewane kwanza tunazungumzia hadithi za namna gani. Utasikia majina mengi, bunilizi za kisayansi, fantasia na kadhalika. Mimi kwa wanafunzi wangu naziita hadithi za "ingekuwaje", basi. Ingekuwaje kama watawala wangewachukua vijana 24 kila mwaka wakauane mbele ya kamera mpaka abaki mmoja? Ingekuwaje kama kungekuwa na shule ya bweni inayofundisha uchawi badala ya hesabu? Ingekuwaje kama watu wangekubali kuishi bila vita na bila maumivu, lakini pia bila rangi na bila muziki? Mwandishi anabadilisha jambo moja la dunia, kisha anayafuata matokeo yake popote yanapompeleka. Mtoto wa miaka 12 anazipenda kwa sababu yuko katika umri wa kuuliza kwa nini mambo yako hivi na si vile, na sisi wakubwa mara nyingi jibu letu ni "ndivyo yalivyo, kalale".

Chukua hicho cha dunia isiyo na rangi, The Giver cha Lois Lowry. Kilitoka mwaka 1993, na mwaka uliofuata kikapata medali ya Newbery, ambayo ni tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani. Kuna mahali mwanzoni nataka ukae hapo na mwanao. Jonas, anayekaribia kutimiza miaka 12, anarushiana tufaha na rafiki yake Asher. Tufaha likiwa hewani, linabadilika. Linabadilikaje? Kitabu hakisemi. Jonas mwenyewe hajui. Analichukua nyumbani kinyume cha sheria, analichunguza kwa kioo cha kukuzia, haoni kitu. Baadaye jambo lilelile linatokea kwenye nywele za msichana anayeitwa Fiona. Msomaji anasonga na Jonas hivyohivyo gizani hadi karibu nusu ya kitabu, ndipo mzee anayetunza kumbukumbu za zamani, anayemfundisha, anamwambia kwamba alichoanza kukiona ni rangi nyekundu.

Hapo ndipo unashtuka. Kumbe kurasa zote ulizopita, zile nyumba, zile baiskeli, zile nguo, ulizipaka rangi wewe mwenyewe kichwani! Mwandishi hakukudanganya hata mara moja. Alinyamaza tu, nawe ukajaza.

Filamu yake ya mwaka 2014 haina uwezo wa kunyamaza hivyo. Kamera ikishafunguliwa, ama rangi ipo ama haipo. Waliochukua kazi hiyo wakaamua isiwepo, na picha inaanza nyeusi na nyeupe. Maana yake mtazamaji ameipata siri kabla ya Jonas, na lile tufaha linakuwa jambo la kumsubiri Jonas agundue tunachokijua. Sitaki kuidhulumu filamu lakini. Rangi inapoanza kujipenyeza taratibu katika ule ukijivu, jicho linapata kitu ambacho neno "nyekundu" lililopigwa chapa kwa wino mweusi haliwezi kukitoa. Ile nimeiona mara tatu na kila mara nimekaa wima kitini.

Wamefanya na mengine mawili. Jonas wamemkuza akawa kijana wa kuanza mapenzi, na kwa mwanao hilo si dogo, maana kitabuni huyo Jonas ni rika lake kabisa. Na mwisho wameuwekea taa. Kitabu kinamwacha Jonas, aliyetoroka kwao, kwenye theluji, anaona mwanga na kusikia muziki kwa mbali, nasi hatuambiwi kama ni kweli au ni baridi inamchezea akili. Filamu inakimbia nyuma kutuonyesha waliobaki kule kijijini wakirudiwa na kumbukumbu na rangi zao. Kwa hiyo kijana akikwambia anajua mwisho wake, mwambie anaujua mwisho wa filamu. Wa kitabu hata mimi siujui, na nimekisoma kabla yeye hajazaliwa.

Kwa hiyo ni kweli ameshaona. Ila hajafichwa kitu. Na katika hadithi za ingekuwaje, kufichwa ndiko kunakomfanya mtoto aanze kufikiri.

Usidhani haya ni maarifa ya Ulaya na Marekani peke yake. Muulize bibi yao hadithi ya Nunda mla watu. Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja pamoja na ngano nyingine na kuzichapisha London mwaka 1870, lakini bibi zetu hawakuhitaji London ili waijue. Sultani ana paka wake anayempenda. Paka anakula kuku, watu wanamlalamikia, Sultani anasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Paka anakula mbuzi, anakula watu, mwisho anawala watoto wa Sultani. Ndipo kijana mdogo wa mwisho anaingia porini kumtafuta. Anaua mbwa, anamburuta mpaka kwa mama yake, anaimba kumuuliza kama huyu ndiye Nunda. Mama anajibu mwanangu, siye. Anaua ngawa. Siye. Punda milia, twiga, kifaru, tembo. Siye, siye, siye. Tembo ameanguka, watoto mkekani wanajua ukubwa wa tembo, halafu mama anasema huyo siye! Nunda mwenyewe bado hata mkia hatujauona. Tunachokijua ni alama chache tu alizotajiwa yule kijana: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka, mkia mnene.

Niliwahi kuwasomea watoto wa darasa la nne hadithi hiyo nikaishia kwa tembo, nikawagawia karatasi wachore Nunda. Zikarudi karatasi zaidi ya 30 na karibu hakuna wanyama wawili waliofanana. Mmoja alikuwa na meno hadi tumboni. Mtoto mmoja wa kike alichora mlango wa makuti uliofunguka kidogo, na chini yake ncha ya mkia, basi. Nilipomuuliza mbona hajamaliza, akanitazama kama mimi ndiye mwanafunzi. Wawili walichora simba wa katuni, yuleyule wa kwenye runinga, na manyoya yake yamechanwa vizuri. Sikuwalaumu. Walishamuona mnyama wa kutisha aliyechorwa na watu wanaolipwa vizuri, na kichwani hapakuwa na nafasi ya mwingine. Hilo ndilo ninalolihofia kwa mwanao kuliko uchawi.

Kitabu cha pili, The Hunger Games cha Suzanne Collins, mwaka 2008, filamu 2012. Hapa kilichofichwa na kilichoonyeshwa vimebadilishana viti. Kitabu chote anasimulia Katniss mwenyewe, msichana wa miaka 16 aliye mmoja wa wale vijana 24 wa kuuana mbele ya kamera, kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo: naona, nakimbia, naogopa. Tuko ndani ya kichwa chake na hatutoki. Anajua kamera zinamtazama, anajua matajiri wanaotazama wakimpenda watamlipia chakula na dawa, kwa hiyo kila anachofanya anakipima mara mbili. Anapombusu Peeta, kijana mwenzake wa wilaya moja aliye mgonjwa, mle pangoni, mara inashuka zawadi ya mchuzi kwa parachuti. Kitabuni hakuna maelezo yoyote yanayoambatana nayo. Katniss anaitafsiri mwenyewe: mwalimu wake Haymitch anamwambia busu moja, sufuria moja, zidisha. Binti anafanya hesabu ya biashara akiwa na njaa, na sisi tunaisikia hesabu yenyewe.

Kwenye filamu huo ubongo haupo. Kuna uso wa mwigizaji, mzuri kweli katika kazi yake, lakini uso haupigi hesabu kwa sauti. Wakafanyaje? Wakatia kikaratasi ndani ya ile zawadi. Haymitch ameandika, kwa maana yetu, "Na hilo nalo unaliita busu?" Ukumbini watu wanacheka, na jambo limeeleweka. Mimi nikikiangalia kile kikaratasi naona mtu wa filamu anavuja jasho: jambo lililokuwa kichwani mwa msichana imebidi liandikwe kwenye karatasi ili lionekane.

Lakini tazama upande wa pili. Rue, mshindani mwenzake, mtoto wa miaka 12 kama wako, anauawa. Katniss anampamba kwa maua. Kitabuni, muda mfupi baadaye unashuka mkate kutoka Wilaya ya 11, kwao Rue, watu fukara waliochangishana kumpa mtoto asiye wao, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ni mkate tu, na msomaji makini macho yanamlenga. Filamu, kwa kuwa haikufungwa kichwani mwa Katniss, inaondoka na kwenda hukohuko Wilaya ya 11, na tunaona watu wakivunja na kupigana na askari. Pia inatuingiza chumba cha mitambo ambamo waandaaji wanabonyeza vitufe kuwasha moto msituni. Katniss hawezi kuyaona hayo, kwa hiyo kitabu hakiwezi kutuonyesha. Wapo wanaosema mkate una nguvu kuliko ghasia. Mimi nasema mtoto akivipata vyote viwili ndipo anapata darasa lenyewe, kwamba tendo moja lina ndani na lina nje.

Na kuhusu damu, maana najua utaniuliza: hapo ni filamu inayoficha. Kamera inatikiswa makusudi wakati wa mauaji, na Uingereza waliondoa sekunde saba ili watoto wa miaka 12 waweze kuruhusiwa. Kitabu hakitikisi kitu. Kama mwanao ni mwepesi wa kuota usiku, cha Collins kisubiri mwaka mmoja au miwili, hata kama muvi ameimaliza na hakuna kilichomtokea.

Hapa niweke jambo ambalo wasomi wa vyuo hawalipi heshima yake. Ingia kibanda umiza chochote cha Ngamiani inapowekwa muvi iliyotafsiriwa na dijei. Wenye umri wangu tunamkumbuka Lufufu, na baada yake wamekuja wengi. Dijei hatafsiri tu maneno. Mhusika akinyamaza na kutazama dirishani, dijei anaingia: "Hapa sasa jamaa anawaza, ananiambia nini huyu, mbona kama ananizunguka?" Anampa jina la mtaani, anamtania, anakuonya kabla adui hajatokea. Unajua anachofanya? Anairudishia filamu ile sauti ya ndani iliyopotea ilipotoka kitabuni. Anaigeuza filamu kuwa ngano. Wakati mwingine anaiharibu kabisa, anatia mizaha penye msiba, na wapo wanaobuni mambo ambayo hayamo hata kidogo. Lakini mtoto anayezipenda muvi za dijei tayari anapenda kusimuliwa. Huyo si mtoto asiyependa vitabu. Mwambie kwamba katika kitabu cha Katniss, dijei ni Katniss mwenyewe.

Harry Potter nitapita haraka, kwa sababu vita vya vitabu na filamu zake vimeshapiganwa na kila mtu. Vitabu saba kati ya 1997 na 2007, filamu nane kati ya 2001 na 2011. Cha tano ndicho kirefu kuliko vyote, kurasa zaidi ya 700, na filamu yake ni miongoni mwa fupi kabisa. Pima mwenyewe kilichomwagwa njiani. Peeves, yule jini mtukutu wa shule anayewapigia kelele walimu, hamo kwenye filamu hata moja, na watoto wakikutana naye kitabuni hucheka kama wamepata mgeni. Kwa mfululizo huu mimi siogopi filamu kutangulia. Kitabu cha kwanza kina Kiingereza chenye mitego. Yule jitu Hagrid anaongea lafudhi ya mashambani iliyoandikwa kama inavyotamkwa, maneno nusunusu, na mtoto wetu anadhani hajui Kiingereza kumbe hata kamusi haiyajui. Akishamsikia kwenye filamu, sauti inamwongoza.

Sasa Kiingereza, maana ndicho kikwazo cha kweli. Mtoto wa darasa la sita anayesoma kwa Kiswahili ukimkabidhi kurasa 300 za Kiingereza, umemkabidhi kazi ya nyumbani. Muvi inampa hadithi bure. Nani angechagua ile? Usimlazimishe. Msomee. Kaeni pamoja, sura moja, wewe au mjomba msome kwa Kiingereza na msimulie kwa Kiswahili palepale. Ndiyo, uwe dijei wake. Dakika 20 zinatosha.

Na usimwambie kwamba hadithi za ingekuwaje ni za Kiingereza tu, wakati tuko Tanga hapa. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Machui, mwaka 1909, kule tunakokwenda kwa bodaboda. Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, nchi iliyo angani. Angani, mama! Watu wanapelekwa safari za pande zote, hata mbinguni na ardhini, wanarudi na mambo mema waliyojifunza, na nchi yao inawatia gerezani. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa kuzisimulia safari hizo moja baada ya nyingine. Ukiwapa watu wa Hollywood leo wangeanza na mawingu. Yeye mawingu hakuyajali, alitaka tusikilize kesi. Kwa miaka 12 ni kizito kidogo, nakiri, hotuba ni ndefu.

Mwanzishe na Adili na Nduguze, kilichofuata mwaka 1952. Adili ni mtu mwema, mpole, anasifiwa na kila mtu, lakini kila usiku anawachapa manyani wawili aliowafunga, na moyo unamuuma anapowachapa. Kwa nini mtu mwema apige wanyama? Shaaban Robert hasemi, anakuacha usumbuke. Majibu yanakuja baadaye, yana majini ndani yake, na yana ndugu wawili ambao majina yao tu, Hasidi na Mwivu, yangetosha kukuonya. Mizizi yake ni Alfu Lela Ulela, lakini Kiswahili chake ni cha huku kwetu. Hapo hakuna muvi ya kumwambia mwanao kwamba ameshaiona.

Kuna siku nilijifunza kwa ajali. Miaka kadhaa nyuma, katika shule moja hapa mjini, nilikuwa na kikundi cha kusoma siku za Ijumaa. Nikaazima projekta, nikatundika shuka ukutani, nikawawekea The Giver. Dakika kama 40 hivi umeme ukakatika. Tukasubiri, joto likapanda, wakaanza kugombana Jonas atafanya nini. Umeme haukurudi. Ijumaa iliyofuata walikuja watano, wote wanataka kujua. Projekta ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, nilichonacho ni nakala mbili za kitabu, moja haina jalada. Nikaanza kuwasomea tangu mwanzo, na tulipofika kwenye tufaha mvulana mmoja akanikatisha: "Mwalimu, mbona huku hawasemi kwamba hakuna rangi?" Sijawahi kusikia swali la fasihi lililonifurahisha kama hilo, na lilitoka kwa mtoto aliyekuwa akikaa nyuma akichonga penseli. Nisikufiche: wengine 20 na kitu hawakurudi. Mmoja aliniambia ameimalizia kwenye simu ya kaka yake, mwisho mzuri, ahsante mwalimu.

Tangu hapo naikata filamu mwenyewe bila kungoja umeme. Kwa mkubwa wako umechelewa kwa hizi tatu, ila muvi nyingine zinakuja. Pakueni, angalieni nusu, zimeni, someni, kisha mmalizie. Kwa zile alizokwisha kuziona, mpe kitabu kama mpelelezi: atafute walichokikata na walichokipachika, na akikuletea viwili vya maana, ana soda yake. Mdogo wa miaka tisa aanze na kusimuliwa, kitabu kifuate, muvi mwisho. Si sheria, ni kwa sababu bado anachora Nunda wake mwenyewe.

Kuna na filamu ambazo hazidaiwi na kitabu chochote. Pumzi, ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ni fupi, kama dakika 20, na maneno ni machache. Maji yamekwisha juu ya ardhi, watu wanaishi ndani na kukusanya hata jasho lao walisafishe walinywe tena. Msichana anayeitwa Asha anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu. Itazame naye. Pale Asha anapotembea jangwani na kale kamche, hakuna kitabu kingenikausha koo vile. Baadaye muulize: Tanga ikiishiwa maji, tungeanza kugombania nini? Na akitaka mnyama wa ajabu, anaye samaki wa silikanti, aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosauri mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu 2003 wavuvi wetu wanamtoa hapahapa. Kitu kilichokaa gizani chini ya bahari yetu miaka yote hiyo bila kutuambia. Aanzie hapo.

Bibi nimemweka mwisho kwa heshima, si kwa kumkwepa. Hofu yake ina msingi, maana mji huu tumesingiziwa uchawi mpaka wageni wanaogopa kulala, waja leo waondoka leo. Lakini yeye mwenyewe alilelewa na ngano za majini, sungura wanaoongea na masultani waliogeuzwa mawe, na dini yake iko imara. Mtoto wa miaka 12 anajua fimbo ya Harry haifanyi kazi Makorora, ameshaijaribu kwa kijiti cha mwarobaini. Kinachofaa kuulizwa ni nani katika hadithi anatumia uwezo wake kuumiza na nani kulinda, na bibi ndiye mwalimu mzuri wa hilo kuliko mimi. Usimtoe kwenye jambo hili, mwingize.

Mwombe Alhamisi usiku, runinga imezimwa, awasimulie Nunda wajukuu wote wawili. Mkubwa arekodi kwa simu. Na mnong'oneze bibi mapema: akifika kwa tembo, mama akishasema siye, apige miayo na kudai usingizi umemshika, mengine kesho.